Shata Iliyokwama Ijumbi

Baba yangu alikuwa mpiga picha Bukoba mjini tangu kabla ya Uhuru. Kamera yake ilikuwa ya mbao, ya miguu mitatu, kubwa kiasi kwamba alipojifunika kitambaa cheusi ungedhani imemmeza. Siku ya mwisho aliyofanya kazi alikwenda Ijumbi, Muleba, kuipiga picha familia moja. Alirudi na homa, akalala, na homa ile ndiyo iliyomchukua. Baada ya mazishi mama aliifunika kamera kwa lubugo, kitambaa kile cha gome la mti tunachozikia watu wetu, akasema isiguswe.

Ikakaa hivyo miaka. Nikawa mwalimu Kitendaguro, ujamaa ukaja, maduka yakawa matupu. Ndipo mzee mmoja alipobisha hodi kwetu Hamugembe, kofia mkononi.

"Baba yako alitupiga picha kule Ijumbi, waitu," alisema, akinipa heshima ya kwetu. "Mimi, mke wangu na kijana wetu. Kamera ikakwama. Akasema atarudi, tukasikia msiba."

Kijana wao, akaeleza, alikuwa anaondoka kesho yake kwa meli kwenda Mwanza kutafuta kazi. Hakurudi, wala hakuna aliyewaletea habari zake. Sasa mama yake alikuwa mgonjwa na alitaka kupigwa picha kabla ya kufa. Mjini kote hakuna filamu.

Mama yangu alinivuta jikoni. "Ukiifunua utamsumbua baba yako."

"Mama, na huyu mzee je?"

Nilimwambia mzee atangulie Ijumbi, nitamfuata. Nilikwenda nikatoa lubugo.

Filamu za baba zilikuwa vipande vya moja moja, kila kimoja ndani ya kibweta chembamba cha mbao. Kwenye mkoba wake nilikuta vibweta viwili vyenye filamu. Shida ilikuwa shata, yale mabati membamba ndani ya lenzi yanayofunguka na kujifunga kuingiza mwanga. Yalikuwa yamefunguka upenyo kama wa jicho la mtu anayesinzia, yakaganda. Niliifungua lenzi, nikatoa kioo cha mbele na cha nyuma kama nilivyomwona baba akifanya. Mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka gundi. Sikulazimisha, mabati yale hujikunja kama jani. Nilichovya unyoya wa kuku kwenye petroli kidogo niliyoomba kwa dereva wa lori la ushirika, nikayapaka taratibu, nikaacha lenzi mezani, nikaenda kumsaidia mama kumenya ndizi.

Tukasikia: *chak*.

Sote wawili tuliujua mlio ule. Nyumba nzima haikuwa na mtu mwingine. Mama aliweka kisu chini.

"Yuko kazini," alisema kwa sauti ndogo.

Nilikwenda kutazama. Mabati yamejifunga, safi. Gundi ilikuwa imelainika na springi ikamaliza safari yake, nilijua hivyo. Lakini pia nilijua kwamba aliyeikaza springi ile ni baba, Ijumbi, na kwamba picha aliyoianza ndiyo kwanza imemalizika. Vioo sikuvirudisha mpaka kesho yake.

Ijumbi walimtoa mgonjwa nje, wakamkalisha kwenye kiti mbele ya mlango, kibanja cha migomba kikiwa nyuma ya nyumba. Mzee alikataa kukaa naye. Alisema siku hiyo ni ya mke wake. Nilitia kibweta kimoja, nikapiga. Shata iliitika vizuri.

Niliisafisha filamu chumbani kwa baba, kwenye giza. Nilipoichapa, yule mama alitokea kwenye karatasi, amekonda, macho makubwa. Kisha nyuma ya bega lake akatokea mtu mwingine. Kijana amesimama wima, shati jeupe, uso hafifu kama unaotazamwa kupitia moshi. Niliinua filamu, nikaitazama tena kwenye taa.

Hapo nilielewa. Kibweta kile baba alikuwa amekitumia. Mwanga kidogo ulipenya siku shata ilipokwama. Wazazi, nadhani, walijitikisa wakafutika, kijana akatulia. Nami nikapiga juu yake, mahali pale pale.

Niliwapelekea, nikawaeleza yote hayo. Mgonjwa aliishika picha kwa mikono miwili.

"Mwanangu," aliniambia, "sikukuuliza amefikaje."

Alikufa majani ya kahawa yakiwa bado na maji ya mvua za kwanza. Baada ya matanga mzee alirudi Hamugembe. Nilidhani anataka nakala nyingine.

"Umebakiwa na filamu?"

"Moja tu, tata," nilisema, kama nilivyozoea kumwita baba.

"Nipige mimi. Kiti kile kile, pale pale mlangoni."

Nilijua anachotaka: mke wake atokee kando yake, kama kijana wao alivyotokea. Nilimwambia kibweta kilichobaki hakikuwahi kutumika, kwamba nimehakikisha. Akasema ameelewa, twende tu. Kwa hiyo nilikwenda. Alijisogeza upande mmoja wa kiti, akaacha nafasi kando yake, na alitulia hata nikaogopa kwamba hapumui.

Picha ilitoka safi kuliko zote nilizopata kupiga: mzee, kiti, mlango uliofungwa, migomba. Aliitazama muda mrefu pale uani kwetu, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Leo hakuja," alisema, akaitia ndani ya koti, akaniomba maji ya kunywa.