Jiwe Lililookotwa kwa Ulimi

Zamani, mtu wa Colle Rovaro, kijiji chetu cha milimani Italia, akiona mshale wa radi shambani, ile ncha ndogo ya jiwe, alipiga magoti akauokota kwa ulimi; siku hizi wanakuja vijana wa mambo ya kale wenye miwani ya jua, wanauchokoa kwa mwiko wa chuma, wanautumbukiza kwenye mfuko wa plastiki na kuupa namba. Kwa chuma! Hata mtoto wa miaka mitatu alijua kwamba mshale ukiguswa na chuma unakufa.

Nunzio alikuwa mpasua gumegume, kama baba yake. Waliwapasulia wachungaji mawe ya kuwashia moto, mpaka viberiti vilipopanda mlima na kuimaliza kazi, na hakuna aliyeililia. Akabaki na shamba lenye mawe kuliko ngano, na mikono isiyojua kutulia. Jioni alikaa kizingitini, kipande cha ngozi ya kondoo pajani, akibandua vibanzi vya jiwe kwa ncha ya pembe ya paa, akiiga mishale ya radi iliyookotwa na majirani. Hakufundishwa na mtu. Aliitazama ya zamani kwenye mwanga, akaona makovu ya vibanzi pande zote mbili, na siku moja akaelewa: haikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliketi mahali, na ngozi pajani, akaitengeneza.

Hilo hakumwambia mkewe.

Concezia, mkewe, ndiye aliyeokota mingi kuliko mwanamke yeyote wa kijiji. Aliamini kama mama yake alivyoamini, kwamba radi ikipiga huzamisha ncha yake ardhini, na ncha hiyo huchukua miaka saba kupanda juu. Wenye mkia ulikuwa wa mtoto wa kiume, wenye umbo la jani wa mtoto wa kike. Nao wa kweli alikuwa akiutambua kwa ulimi: ngozi yake nyeupe kama chokaa hunata kidogo, kama mtoto asiyetaka kuachia titi.

Vuli ile binti yao Loreta aliitwa na mumewe Ubelgiji, alikokuwa akichimba makaa ya mawe. Aende na mtoto, Mariuccia, ambaye alikuwa anaota meno. Kwa desturi, bibi ndiye anayemtafutia mjukuu mshale na kumshonea kifukoni, umkinge na mabaya. Wa nyumbani haukuwapo. Mingine aliwagawia watoto wa majirani, na wa mwisho Concezia alikuwa ameushona kwenye shati la Sabatino, mtoto wao wa kwanza, alipopelekwa vitani Urusi, na Sabatino hakurudi, wala shati.

"Mtoto hapandi basi bila mshale," Concezia alisema. "Nimesema."

"Mama, basi halinisubiri mimi," Loreta akajibu.

"Basi likusubiri au lisikusubiri, miguu ni yangu, natafuta."

Akatafuta. Kila mvua ilipokatika alishuka kwenye mashamba yaliyolimwa, mgongo umepinda, akichungulia matuta. Kila alipoona kitu cheupe alipiga magoti, akainamisha uso, akaonja, akatema. Magoti yake yalikuwa mabovu tangu miaka ile ya kuchota maji bondeni. Kuinuka ilibidi ajisukume kwa mikono yote miwili.

"We Nunzio!" Ercole mwenye punda alimpigia kelele kutoka barabarani. "Mkeo anabusu mashamba ya watu!"

"Afadhali abusu udongo kuliko kukubusu wewe."

"Hata punda wangu ananibusu, bwana!"

"Punda hana pa kukimbilia."

Nunzio alicheka, lakini jioni alimwona Concezia akipaka magoti siki ya moto, midomo imepasuka kwa udongo na baridi, na ugali wake haujaguswa. Siku zilikuwa zinakwisha. Asipopata, Concezia angeamini amemwacha mjukuu aende uchi, bila kinga.

Kwa hiyo Nunzio akatengeneza. Alichagua gumegume la rangi ya asali, akatoa umbo la jani, jembamba hata mwanga ukapenya ukingoni. Hakuwahi kutoa zuri kama lile. Lakini liling'aa kama jicho la samaki. Akalisugua kwa majivu na mafuta ya kondoo mpaka likafifia na kuwa jeupejeupe, na asubuhi, kabla mkewe hajafunga kilemba, akaliweka kwenye tuta la shamba lao, upande ule mpea wa mwituni ulipopigwa na radi zamani.

Hapana, haukuwa mpea, ulikuwa mwaloni. Siku hizi hata miti nasahau, maana haipo.

Akasimama na jembe lake mbali kidogo, akijifanya ana kazi. Concezia akaja tuta kwa tuta. Akasimama. Akapiga magoti, kwanza moja, halafu la pili, akashika ardhi na kuinama. Alikaa hivyo muda mrefu, uso chini, hata Nunzio akadhani amezimia. Kisha akainuka, jiwe liko katikati ya midomo, akalifunga kwenye leso.

Usiku alilishona kwenye kifuko chekundu, karibu na moto. Nunzio alivumilia, akashindwa.

"Limenata?"

"Radi ya mwaka huu," Concezia alisema, macho kwenye sindano, "inanukia kondoo."

Nunzio alitazama moto. "Mama Loreta, mimi..."

"Nyamaza. Utaniharibia mshono." Akavuta uzi, akaukata kwa meno, si kwa mkasi. "Ule wa mbinguni nilimshonea Sabatino. Ulimfanyia nini? Huu angalau namjua aliyeutengeneza." Akapapasa kifuko kwa kidole gumba. "Mwembamba, mzee. Ungeupunguzia mafuta tu."

Loreta hakuambiwa. Aliondoka baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, mwezi wa Novemba, asubuhi ya ukungu, mbele ya duka, basi linaposimama. Concezia alimvalisha mtoto kifuko shingoni mwenyewe, akakisukumia ndani ya sweta, akarudi nyuma hatua chache akajishika na ukuta. Nunzio akainua sanduku la kadibodi juu ya basi.

"Mtaandika," alisema.

"Tutaandika, baba. Na tutarudi kiangazi."

Wengi walisema hivyo kwenye basi lile. Sasa nyumba zao zina makufuli yenye kutu, na mashamba yameotwa na michongoma.

Basi likaunguruma. Nunzio alitembea kando ya dirisha mpaka kona ya kinu, ambapo hakuweza tena kulifuata. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuwaona: Loreta akipunga leso, na Mariuccia mapajani mwake, amekwisha kukivuta kifuko kutoka ndani ya sweta, amekitia mdomoni, anakionja.