Ndoo ya Kome Chini ya Kitanda Changu

Kazi yangu chuoni ilikuwa kuosha chupa za maabara, lakini macho yalikuwa kwenye hadubini. Basi Ijumaa moja mhadhiri wetu akaniachia ndoo ya tope la pwani lenye kome, wale viumbe wa magamba mawili. Niwarudishe Jumatatu wakiwa hai, akasema, naye ataniruhusu nichungulie bakteria wanaoishi ndani yao. Niliibeba hadi nyumbani Ruring'u kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike.

Tope lilinuka mayai viza.

"Mwaga hiyo uchafu, uwaoshe," mama akasema. "Mgeni huoga."

"Mama, huo uvundo ndio chakula. Bakteria wanaupika, kome anakula."

"Ati wanapika? Na akina mama wa kanisa wanakuja hapa Jumapili!"

Sikuwa na moyo wa kuwaosha. Kome mmoja alikuwa ameachama kidogo, kama anayetaka kuniuliza kitu. Nikaisukuma ndoo chini ya kitanda.

Jumapili akina mama waliingia wakiimba. Kufika ubeti wa pili, sauti zikapungua. Mmoja akampekua mjukuu wake nepi, kavu kabisa. Mwingine akaiinamia sahani ya irio, akanusa, akasema ameshiba. Mwenyekiti, ambaye maombi yake huzunguka dunia nzima, alifika Kerugoya tu, hapo jirani, akasema amina.

"Dada, kuna mgonjwa hapa ndani?" akauliza kwa upole.

Mama akanitupia jicho. "Hapana. Ni masomo ya huyu kijana."

"Woi, pole sana," wakaitikia wote.

Jumatatu mama alinifuata hadi maabara, anataka kumwona mwenye ndoo. Kome wote walikuwa hai. Mhadhiri akachukua mmoja, yule yule wa kuuliza kitu, na mimi nikageukia ukuta. Alikata kipande cha matamvua, yale kome anayopumulia, akakitia rangi, akakiweka chini ya hadubini, akaniita.

Bakteria walikuwa wamejazana humo kama mchele wa Mwea kwenye gunia, kila mmoja mahali pake, kimya. Machozi yakanitoka, nikawa sioni tena. Mama akanisukuma kando, akainama, akachungulia muda mrefu.

"Hawa? Wadogo hivi ndio walinikatizia maombi?"

Kisha akaona mkono wa mhadhiri ukirudi kwenye ndoo.

"Hao wengine usiwakate leo, Madam," akasema. "Wametoka mbali."

Mhadhiri akaweka kisu chini.