Mikono Miwili ya Kushoto

Wiki iliyopita nilikata mikono miwili ya kushoto. Kingekuwa kitenge ningegeuza tu, kitenge sura ni moja pande zote. Lakini ilikuwa satini ya gauni la mama mmoja wa kwaya, inang'aa upande mmoja, na kitambaa cha kurudia hakikubaki.

Bosi wangu hapa Igoma ni mama mtu mzima, anashona tangu sijazaliwa. Hagombi. Alichukua mkasi mkononi mwangu akautia kwenye droo yake. Kwetu anayekata ndiye fundi, wengine tunapiga pindo.

"Pumzika kukata kwanza, mwanangu," akasema.

Mimi nina baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Yeye anajua, alikuja kuniona wodini. Tangu mwaka jana nimetulia: nakunywa dawa, nalala, siongei tena na kila mtu sokoni. Ndiyo maana iliniuma. Nilidhani ukishatulia, kichwa kinarudi chote.

Jumatatu nikamuuliza daktari kliniki. Akachora ubongo nyuma ya karatasi, ukatoka kama kiazi. Akaweka kidole kwa mbele. Akasema sehemu hii inasaidia kushika mambo mawili matatu kwa pamoja na kupanga kipi kianze. Kwa baadhi yetu inabaki nzito hata hisia zikikaa sawa, na kwa wengine hata picha za ubongo zinaonyesha tofauti kidogo.

"Kwa hiyo nisishone?"

"Picha haijui kushona. Wewe usibebe vipimo kichwani, viweke nje."

Rahisi kusema. Pale kwetu fundi anayeandika anachekwa. Bosi anapima watu watano, anakunywa chai yake, anarudi anakata. Ila sikuwa na hamu ya kupiga pindo mpaka Krismasi. Jumanne, yule mama wa kwaya alipoleta satini nyingine, nikaja na chaki. Nikachora mikono upande usiong'aa, nikaandika juu yake: kulia, kushoto, mbele, nyuma.

Mwenzangu wa cherehani ya pili akachungulia. "Shikamoo mwalimu. Leo kuna mtihani?"

"Marahaba. Kaa mbele, wewe unasinziaga."

Bosi akaja, akatazama muda mrefu. "Na ukisahau kuyasoma?"

"Nitasoma kwa sauti kabla ya kukata."

"Haya, soma."

Nikasoma, kila kipande, kama mtoto wa chekechea. Akafungua droo.

Ilinichukua saa nzima. Mwenzangu alimaliza sketi, akaanza nyingine, na mimi uzito huo wa kichwa unaniudhi mpaka leo. Lakini ilitoka mikono miwili, wa kulia na wa kushoto.

Mchana akaja mteja. Bosi akampima bega, akataja namba, akanigeukia.

"Andika basi, mwalimu."

Nikaandika. Mkasi haukurudi kwenye droo.