Aliyechanjwa Hapatwi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuondoa neno moja. Muuguzi wa zahanati ya mtaa wetu wa Mangobo alinipa ubao na rangi, akaniomba niandike kwamba chanjo inazuia ndui. Shule niliiacha mapema. Kifaransa na Kiswahili cha vitabuni nilijifundisha mwenyewe, na mtu wa namna hiyo huogopa kosa kuliko njaa. Nilijaribu sentensi nyingi. Iliyonipendeza ilikuwa hii: Aliyechanjwa hapatwi. Nilipoongeza "na ndui" mlio wake ulivunjika, basi nikaacha. Nilijiambia, nani asiyejua zahanati inachanja nini?

Halafu waasi wakaingia mjini. Mganga wao aliwachanja vijana kwa wembe, usoni na kifuani, akawaambia risasi zitageuka maji. Neno ni lile lile, kuchanja. Haukupita muda, foleni ya zahanati ikafika barabarani, vijana wenye nguvu ambao hawakuwahi kukanyaga pale.

"Hii iko ya ndui," muuguzi aliwaambia.

"Ndui, bon, tumesikia," mmoja akamjibu na kumkonyeza. "Weka tu, papa. Mimi uniwekee mbili."

Muuguzi akanisihi niongeze neno. Nafasi ilikuwepo. Lakini neno lililobanwa pembeni lingekuwa baya kutazama, na rangi niliyoipata haikufanana na ile ya kwanza. Nikasema nitapaka ubao wote upya. Nilikuwa bado ninatafuta rangi jeshi la serikali liliporudi.

Wanajeshi nao waliamini chanjo, kwa njia yao. Kila mwanamume alivuliwa shati, na mwenye alama alihesabiwa muasi. Waliopelekwa nyuma ya ukuta wa zahanati hatukuwaona tena. Kizuizi kiliwekwa mbele ya zahanati. Tonton, yaani mjomba aliyenilea, fundi cherehani, alikuwa mbele yangu mstarini. Begani alikuwa na alama ya chanjo ya ndui. Mimi ndiye niliyemshawishi achanjwe.

"Hii iko ya nini?" askari akamuuliza.

"Ya ndui, chef."

Askari akanyoosha mtutu kuelekea ubao, akausoma polepole. "Hapatwi. Hapatwi na nini?"

Tonton akageuka kunitazama.

Jibu nilikuwa nalo. Askari yule alijua Kiswahili, neno moja tu lingetosha. Lakini nilitaka kumjibu kwa Kifaransa ili anione mtu wa maana, na hapo nikakwama: ndui ni le variole au la variole? Ninasema kweli. Mtu aliyenilea alikuwa anashikwa mkono kuelekea ukutani, nami nilikuwa ninapekua sarufi kichwani.

Tonton alijiokoa mwenyewe. "Chef, na ile ya mukono yako? Wewe pia uko muasi?"

Askari alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka mabegani. Akajitazama. Alama ilikuwa ile ile, ya mviringo, bila shaka aliipata kambini. Wenzake wakacheka.

"Donc chef wetu iko muasi," mmoja akasema. "Tumufunge?"

Askari akampiga tonton kofi, akamwambia atoke mbele yake. Mimi nilipita bila kuulizwa kitu.

Tulitembea mpaka karibu na nyumbani.

"Ulisikia vile alikuwa anauliza?" tonton akasema.

"Nilisikia."

"Na mudomo yako ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa ninatafuta neno, tonton."

"Neno," akasema.

Kesho yake habari ilizunguka mtaani kwamba alama ya bega inamvusha mtu kwenye kizuizi. Foleni ikarudi. Mtaa wa pili walisema alama hiyo hiyo inaua, na akina mama wakawaficha watoto wao muuguzi alipopita. Ndui yenyewe hakuna aliyeitaja. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikieleza, mpaka nikachoka hata kuisikia sauti yangu.

Siku hizi siandiki mabango. Ninakaa mlangoni mwa zahanati, ninaulizwa, ninajibu hapo hapo kwa maneno yanayokuja, mengine yana makosa. Tonton akiitwa ofisi ya serikali, humchukua jirani yetu akamsemee. Zamani alikuwa akinichukua mimi.