Macho ya Kiungo Wetu

Nakumbuka Ijumaa moja huko Satwa, mwanangu, ambapo mimi ndiye niliyekuwa na ukweli, na mimi ndiye niliyekosa. Watu hudhani mtu hukosea akiwa hajui. Mimi siku ile nilijua. Nilikuwa nimeona jambo ambalo wanaume ishirini walilitazama miezi mitatu wasilione, na hapo ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa nimetoka Kitale kwenda Dubai kutandika vitanda katika hoteli moja, nikiishi Naif katika chumba cha wanawake sita. Umri wangu ulikuwa miaka thelathini na mmoja, umri ambao mtu hujiona amekomaa na kumbe mdomo wake haujakomaa bado. Wiki nzima kazini ilikuwa ndiyo madam, ndiyo sir, samahani madam. Siku ya kupumua ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa yetu ilikuwa mpira.

Timu yetu iliitwa Mseto, kwa kuwa ilichanganya Wakenya, Watanzania, Waganda, na Wazanzibari wawili watatu waliozaliwa hukohuko. Wachezaji walikuwa walinzi, wapishi na madereva. Walicheza asubuhi mapema kwenye kiwanja cha kukodi, kabla jua halijawa kali, na mechi ikiisha mashabiki sote tulihamia Satwa, kwenye kibaraza cha duka la Bi Ruwaida. Huyu alikuwa mama wa Kizanzibari aliyekaa Dubai tangu kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Alishona mabuibui na nguo za harusi, na jezi za Mseto alizishona yeye pia, namba mgongoni na vyote. Pale kibarazani, kwa chai ya maziwa na chapati, tuliipanga timu upya kila wiki mpaka adhana ya Ijumaa itutawanye. Kocha wa kweli alikuwa mmoja, lakini kibarazani makocha tulikuwa ishirini.

Hoja ya msimu ule ilikuwa Mwita. Alikuwa mtu wa Tarime, mlinzi wa lango la jengo moja la fleti kule Jumeirah Village Circle, na katika timu alikuwa kiungo wetu, yule ambaye mpira haufiki mbele mpaka upite kwake. Kwa miaka miwili nilimwona akipiga pasi ndefu kutoka ubavu mmoja wa kiwanja hadi wa pili, mpira ukatua mguuni mwa mwenzake kama umewekwa kwa mkono. Niliupenda sana mchezo wake. Halafu akabadilika. Akawa mtu wa pasi fupi tu, na akijaribu ndefu anawapa adui. Siku ya nusu fainali alimpasia refa. Refa, mwanangu!

Maneno yakachemka. Opiyo, fundi wa gereji hapo Satwa na mwenye sauti kuliko sisi sote, alisema, "Jamaa ameisha, bana. Weka yeye benchi, Kato aanze." Kato alikuwa kijana wa Kampala, mwepesi wa miguu. Wengine walisema Mwita amerogwa, wengine wakasema ni mapenzi, wengine usingizi wa shifti. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini mimi kila nilipofungua mdomo, Opiyo alinikata, "Nekesa, wewe hebu tuongezee chai kwanza." Na mimi nimelelewa na kaka watano, mpira nimeujua kabla ya kujua kusonga ugali! Maneno yale yaliniuma kuliko ninavyoweza kukueleza.

Basi nikaazimia kuwanyamazisha. Kwa Ijumaa tatu sikuutazama mpira hata kidogo. Nilimtazama Mwita. Niliona anavyokunja macho kabla ya kupiga. Niliona kwamba mwenzake akimwita kwa sauti, pasi inafika, na mwenzake akinyamaza, pasi inapotea. Ijumaa ya kwanza tu nikajua, mbili zilizofuata nikahakikisha. Unaweza kufikiri nilimhurumia. Ningependa kukuambia hivyo, lakini nilichohisi ni furaha ya mtu aliyekamata samaki mkubwa.

Ijumaa iliyofuata, wiki moja kabla ya fainali ya kombe letu dogo, kibaraza kilijaa. Mwita mwenyewe alikuwepo, ameketi pembeni na kikombe chake, akisikiliza anavyotafunwa, kama ilivyokuwa tabia yake ya upole. Kariuki naye alikuwepo, shabiki mwenzetu ambaye pia alikuwa msimamizi wa walinzi, yaani mkubwa wa Mwita kazini. Ng'ambo ya barabara basi lilikuwa limesimama kwenye taa nyekundu. Nikasimama.

"Mwita, basi lile pale ni namba ngapi?"

Akatabasamu. "Unataka kusafiri, Nekesa?"

"Soma tu."

Akakunja macho. Mwishowe akasema, "Nane."

Basi lilikuwa na tarakimu mbili, tena kubwa kama sahani. Kibaraza kizima kikapasuka kwa kicheko. "Haoni!" nikasema, kama mwalimu aliyepata jibu. "Miezi mitatu mnabishana bure. Macho yake hayafiki mbali. Kato aanze. Khalas, maneno kwisha!" Wakapiga makofi. Opiyo akavua kofia, akainama mbele yangu. Nilizinywa sifa zile kama maji ya baridi.

Aliyekuwa hacheki ni Kariuki. Aliweka kikombe chini. "Mwita, wewe uko kwa gate. Namba za magari unasoma aje?"

Mwita akajibu polepole, "Magari nayajua kwa mlio, bosi. Wenyewe nawajua kwa sauti."

Hakuna aliyecheka tena. Kariuki akajipangusa uso. "Sasa nimeskia mbele ya watu. Siwezi jifanya sijaskia. Jumapili asubuhi uniletee karatasi ya daktari wa macho. Ukikosa, nitakutoa."

Pengine hujui maana ya neno lile kule. Mlinzi akipoteza kazi hupoteza viza, na akipoteza viza kinachobaki ni tiketi ya kurudi kwao. Mwita alikuwa na watoto watatu Tarime, wote shuleni. Alisimama, akamshukuru Bi Ruwaida kwa chai, akaondoka bila kuniangalia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii nilikuwa nimeikariri shuleni, nikapewa na alama, lakini maana yake niliipata pale kibarazani.

Bi Ruwaida akaniita ndani. Alikuwa na futi ya kupimia nguo shingoni na mkasi mkononi, na kwa kweli niliogopa. Hakupandisha sauti.

"Keti, Nekesa. Haya mambo umeyajua lini?"

"Kama wiki tatu, Bi."

"Wiki tatu. Na katika wiki tatu hizo, ulimwambia nani mwanzo? Ulimwambia mwenyewe?"

Nikatikisa kichwa.

"Mie nimejua kabla yako," akasema. "Alikuja kuchukua jezi yake, nikamwambia, ile pale ukutani. Akanyooshea kidole namba tatu, na yeye ni nane. Ule utepe wa njano nilotia mikononi mwa jezi zenu, weye ulidhani urembo?"

Mwanangu, nilihisi ardhi inanikimbia. Utepe ule tuliucheka wote katikati ya msimu, tukisema Bi Ruwaida ameishiwa na kitambaa. Kumbe aliushona ili Mwita awaone wenzake kwa mbali. Tulikuwa wawili tulioliona jambo lilelile. Yeye alichukua sindano, mimi nikachukua kibaraza.

Nilianza kulia. Lakini lililonifanya nimpende mama yule hadi leo ni lile alilosema baadaye. "Na mie nimekosa. Nilimsitiri kwa kitambaa na yeye alitaka daktari. Niliona haya kumwambia mtu mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami ufa niliutia pazia. Lakini weye umemvua nguo mbele za watu. Haya, basi, tutakaa tulie ama tutakwenda?"

"Tuende wapi, Bi?"

"Kesho kwa daktari wa macho, mie namjua wa kumwendea. Leo weye utakwenda kwa Mwita kumtaka radhi. Si kwa simu. Kwa miguu yako."

Nikapanda metro, kisha basi, nikafika langoni kwake jioni akiwa zamu. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama juani kama mtu anayetafuta kazi, nikamwambia na habari ya daktari wa kesho. Magari yalikuwa yakiingia, naye akawasalimu wenyewe mmoja mmoja, akimtaja kila mtu bila kukosea. Hakuniambia amenisamehe. Aliniuliza tu, "Kesho saa ngapi?"

Kesho yake Jumamosi tukaenda watatu. Daktari alimpima macho, akamwandikia miwani, kisha akaanza kumuuliza maswali ambayo hatukuyatarajia. Je, anasikia kiu sana? Anaamka usiku mara ngapi kwenda msalani? Amepungua mwili? Mwita akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alikuwa amedhani ni joto na uchovu wa kusimama. Akapelekwa kupimwa damu, ikaonekana ana kisukari, nacho ndicho kilichokuwa kikimharibia macho. Bi Ruwaida alishika mkono wake pale kwenye viti vya kusubiria, akasema alhamdulillahi, limeonekana mapema.

Jumapili Mwita alipeleka karatasi zake. Kariuki alizisoma mbele yake, akamwambia avae miwani na aanze dawa, na kwa muda akamweka kwenye meza ya ndani badala ya lango. Kazi ikabaki. Namshukuru Kariuki mpaka leo, maana angeweza kufanya vingine na hakuna ambaye angemlaumu.

Kuna waliokuja kunipongeza. "Si unaona? Mdomo wako umemwokoa." Opiyo ndiye aliyelisema zaidi, na kusema kweli nilitamani kumwamini. Bi Ruwaida aliposikia, aliuma uzi kwa meno, akasema, "Angeambiwa yeye mwanzo, angejua wiki tatu kabla. Wema wa Mungu usiufanye wako." Maneno hayo nimeyafikiria miaka mingi.

Fainali Mwita hakucheza. Kato alianza, tukafungwa mbili bila, na kabla chai haijamiminwa kibaraza kilikuwa kimeshaanza kumtafuna Kato. Waliniuliza naonaje. Nilisema chapati ni tamu.

Mwita alikaa miezi kama minne bila kuonekana Satwa. Kila Ijumaa niliangalia pembeni pale alipozoea kukaa, na moyo uliniuma. Kisha akarudi, amepungua, amevaa miwani. Hakurudi kucheza. Kocha alikuwa amemwomba amsaidie kufundisha viungo vijana, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba mimi niketi benchi pamoja nao wakati wa mechi, nitazame, na nikiona jambo kwa mchezaji nimwambie yeye mchezaji, pembeni. Opiyo alikaribia kumwaga chai yake.

Nilimfuata Mwita nje nikamuuliza kwa nini anifanyie hivyo, baada ya yale niliyomfanyia. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Nekesa, nimekaa lango lile miaka minne. Watu wanapita asubuhi na jioni, hakuna anayenitazama. Wewe ulinitazama wiki tatu nzima, ukajua hata nisichokijua. Hata ndugu yangu hajawahi kunitazama hivyo." Akairudisha miwani machoni. "Basi ungeniambia mimi."

Ndiyo maana, mwanangu, ninapowasikia mkibishana kwenye simu zenu nani aanze na nani akae benchi, nani ameisha na nani ni mzigo, sisemi mnyamaze. Bisheni, mpira ni utamu wa maneno. Lakini yule mnayemjadili ana masikio, ana mkubwa wake kazini, ana watoto wanaosubiri ada. Ukiona kasoro ya mwenzako, ujue umekabidhiwa amana. Usiitupe barazani upigiwe makofi, wala usiifiche chini ya pazia kwa kuona haya. Inuka uende kwake, kwa miguu yako, umwambie yeye wa kwanza. Ukiwa umechelewa, nenda hata hivyo. Na ukikutana na mtu wa kukukemea kwa upole kama Bi Ruwaida, na mtu wa kukusamehe kama Mwita, washukuru wangali hai. Bi Ruwaida nilimshukuru, akanijibu nimpishe taa ashone.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona yaliyofichika kwa wengine, akupe na moyo wa kumfikia mwenye nayo kabla ya wote. Akujalie marafiki watakaokwambia wewe kwanza. Riziki yako isivunjwe na ulimi wa mtu, na ulimi wako usivunje riziki ya yeyote. Amina, mwanangu.