Kitambulisho Nilichokataa Kuleta

Nimeona heri niwaambie habari hii mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Karatina.

Chama chetu cha maziwa hapa Mukurweini kilitaka kusafisha daftari la wanachama, maana lilijaa marehemu na majina yaliyoandikwa mara mbili. Nikajitolea kumsaidia karani, Mercy, kwa kuwa watu wote nawajua.

Tukakuta Gathoni Maina wawili. Mmoja ni mimi. Mwingine ni binamu yangu. Tulipewa jina la nyanya yetu, kisha sote tukaolewa na akina Maina. Yeye tulimzika mwaka jana.

"Cucu, leta kitambulisho tulinganishe namba," Mercy akasema. Cucu ndiyo nyanya kwa Kikuyu chetu.

"Namba ya nini? Mimi ndiye nilipika kwa mazishi! Futa huyo wa juu."

Akafuta.

Wiki iliyofuata maziwa yangu yakakataliwa siku tatu mfululizo, ati namba yangu haimo daftarini. Maziwa hayo ndiyo yanayonilisha tangu nifiwe na mzee. Nikayamwaga nikilia, halafu nikamtukana Mercy mbele ya foleni nzima kwamba kazi imemshinda.

Jana ulikuwa mkutano mkuu. Mwenyekiti akasema tusimame tuwakumbuke wanachama waliotutoka. Nikasimama, nikainamisha kichwa, nikafumba macho.

"Gathoni Maina," akasoma, "wa pale karibu na kanisa."

Pale ni kwangu.

Nilipofumbua macho, ukumbi wote ulikuwa umenigeukia. Mercy akasogea, akaninong'oneza kwa upole uliouma kuliko tusi:

"Cucu, sasa utaleta kitambulisho?"