Kipimo cha Mtu Aliyeacha

Miaka ile watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, mimi nilikuwa fundi cherehani mtaa wa Cheyo, hapa Tabora mjini, na nilikuwa nakula kasumba, ile afyuni. Nasema mapema nisije nikajifanya mwema. Tulikuwa watu wanane, watu wazima wenye kanzu safi, kila mmoja na punje yake anaisukumia kwa kahawa chungu, na mtaa mzima ukijifanya hauoni.

Mwenzetu mmoja aliwahi kuwa dresa wa zahanati. Tulipomzika rafiki yetu aliyezidisha kipimo, dresa alinikalisha akanifundisha, akataka niwafundishe na wengine, maana mimi mdomo wangu hauna breki. Basi nikawa mwalimu. Usile peke yako. Mwenzio akikoroma mkoromo wa ajabu na midomo ikabadilika rangi, usiseme amelala: mlaze ubavu, mtikise, mkimbize hospitali. Na kubwa kuliko yote, aliyeacha hata mwezi mmoja asirudie kipimo chake cha zamani, mwili umeshasahau. Aanze na robo punje. Niliwatania, niliwatukana, wakacheka, wakashika.

Mtu mmoja tu sikumfundisha: baba mkwe wangu. Yeye alikula kwake, mimi kwangu, na aliyetuletea alikuwa mmoja, lakini hatukuwahi kulitaja. Mkwe humtajii hata tumbo la kuhara, sembuse kasumba.

Akahamishiwa kijiji kimoja upande wa Goweko, akalima tumbaku miezi minne. Huko kasumba hakuna. Alitetemeka, akatapika, wenzake wakasema homa. Kisha akaruhusiwa kuja mjini kwenye arusi ya mpwa wake, na asubuhi ya pili akaja kibandani kwangu.

Nikasimamisha cherehani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akakaa kwenye benchi. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Nilijua akitoka pale anakwenda wapi, na nilijua kipimo chake cha zamani, maana aliyetuletea aliwahi kuropoka: punje mbili nzima. Akaniuliza habari za watoto. Kisha akauliza tena habari za watoto. Nikamuuliza mvua za Goweko. Mimi niliyekuwa natukana wazee wa watu mpaka wakasikia, nilishindwa kumwambia "anza na robo". Nilijiambia atanidharau, atamrudisha binti yake kwao. Upuuzi mtupu. Alimaliza kahawa niliyomtilia, akakung'uta kanzu, akaaga.

Alikula peke yake, chumbani, kwenye nyumba ya arusi. Wageni wa arusi walimsikia akikoroma mchana kutwa, wakamcheka, wakamfungia mlango asisumbuliwe. Jioni wakamkuta amekwisha poa.

Baada ya kuondoa matanga, mama mkwe aliniita. Tangu nimuoe binti yake hakuwahi kunitazama usoni. Tukipishana njiani alijifunika khanga akageukia ukutani. Siku hiyo alinitazama.

"Alikuja kwako kuuliza," akasema. "Aliniambia, mkwe wetu anajua kipimo cha mtu aliyeacha. Aliona haya siku nzima ya kwanza, mimi ndiye niliyemsukuma aende. Ulimwambia ale kiasi gani?"

Nilitazama miguu yangu.

"Hakuniuliza, mama," nikasema.

Ni kweli, hakuniuliza. Nimesema uongo mwingi maishani, na hakuna hata mmoja ninaouonea aibu kama jibu lile.